Saa Kumi na Mbili, Jioni

Saa mbili kasoro asubuhi mhudumu wa usafi alifungua chumba namba kumi na saba, akaangusha ndoo, akapiga ukelele uliofika hadi maktaba.

Mwanamke alikuwa amelala chali kati ya meza na kabati la mafaili. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umebonyea. Damu ilikuwa imepita chini ya kabati na kulowesha vipeperushi vya makongamano na ufadhili katika nchi ambazo wasomaji wake wengi hawajawahi kuzikanyaga. Kando ya sikio ilikuwapo mashine ya kutobolea karatasi, ile kubwa ya chuma, ina nywele na kipande cha ngozi. Mdomo wake ulikuwa umeshindiliwa karatasi hadi mashavu yametuna.

Inspekta alichuchumaa kando ya maiti huku magoti yakimlalamikia. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye ulimi mkali. Alishaona maiti wengi. Lakini karatasi mdomoni hakuwahi kuiona.

"Nani huyu?"

Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi. "Mratibu wetu wa matukio na fursa. Wanafunzi wa uzamili wanamwita Mama Fursa. Kila Jumatatu anatoa tangazo: mhadhara upo wapi, nafasi gani imetoka, maombi yanafungwa lini. Hapa Masomo ya Kimataifa, bila yeye hakuna anayekwenda popote."

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

Mkuu wa idara alikunja kitambaa chake. "Jana mwanafunzi mmoja alipiga teke mlango huu huu. Alimwambia mama wa watu atakiona cha mtema kuni. Tunamwita Balozi."

"Kwa nini Balozi?"

"Anavaa tai hata siku ya kufua."

Kabla Inspekta hajauliza lingine, uani kulisikika kelele. Balozi alikuwa amepatikana, na waliompata hawakuwa polisi.

Kundi la wanafunzi lilikuwa limemzunguka penye ngazi. Walikuwa wamemkokota kwa tai yake mwenyewe. Mmoja alimpiga ngumi ya pua, mwingine alimkanyaga mkono wa kulia kwa kisigino, na mifupa ya vidole ikasikika ikivunjika. Hawa ndio wasomi wa usuluhishi wa migogoro! Koplo, jitu la miraba minne lililofanya kazi na Inspekta miaka kumi na moja, alipiga risasi moja hewani. Wasomi wakatawanyika kama kuku.

"Muuaji!" mmoja alipayuka akiwa mbali. "Kamuua mama yetu!"

Mkuu wa kituo alipiga simu hata kabla Balozi hajafungwa bendeji.

"Inspekta, nasikia mtu wako umempata."

"Nina mtu, afande. Sijajua kama ni wangu."

"Chuo kizima kinamtaja. Nataka jalada mezani kwangu leo saa kumi na mbili, nimpeleke mahakamani kesho. Kwa mauaji kama haya ni kitanzi, wala hakuna mjadala."

*

Balozi aliketi mbele ya Inspekta, pua imevimba, mkono umefungwa. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na bado alikuwa anajaribu kukaa wima.

"Ulimtishia?"

"Ndiyo."

"Ulimuua?"

"Hapana, mama. Hapana kabisa."

"Saa moja hadi saa mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilikuwa nalia, kama unataka kujua."

Koplo alikohoa. Inspekta alimtupia jicho.

"Ulikuwa unalia nini?"

"Kulikuwa na nafasi moja. Mwaka mzima wa mafunzo kwenye shirika la kimataifa la wakimbizi. Moja tu, kwa idara nzima. Nimezaliwa kambini, mama. Baba yangu alifia kwenye foleni ya chakula. Nilisoma ili siku moja nikae upande wa pili wa ile meza ya mgao. Maombi yangu yote yalikuwa tayari. Ijumaa nikatuma saa tatu usiku, nikakuta pamefungwa tangu saa kumi na mbili jioni. Tangazo lilisema saa kumi na mbili."

"Sasa kosa ni la nani?"

"Halikusema jioni! Mimi nikasema, tangazo la kimataifa, saa za kimataifa. Saa kumi na mbili yao ni saa sita usiku yetu. Wote darasani tulielewa hivyo."

"Loo," alisema Koplo. "Mmesoma mambo ya ng'ambo hadi saa ya nyumbani imewapotea."

"Mama Fursa alisemaje?" aliuliza Inspekta.

"Nilimwonyesha simu yangu. Akashangaa sana. Akasema yeye aliandika jioni. Mimi sikutaka kusikia. Nikapiga mlango teke." Chozi lilimtoka. "Hilo ndilo neno la mwisho nililompa. Tishio."

Inspekta alichukua simu ya Balozi, akasoma ujumbe kwenye kundi la darasa. *Mwisho wa kutuma maombi: Ijumaa, saa 12. Sambaza.*

"Aliuandika nani huu?"

"Kiongozi wa darasa. Mama Fursa anabandika karatasi ubaoni na kumpa yeye nakala, naye anatuandikia kwenye kundi. Nani ana muda wa kwenda ubaoni? Wengi tunafanya vibarua mjini. Kila ujumbe anamalizia na 'sambaza', mpaka limekuwa jina lake."

*

Saa nane mchana, chumba cha maiti. Daktari alikuwa ameitandaza karatasi kwenye sinia la chuma.

"Kapigwa mara saba," alisema. "Pigo la kwanza halikumuua. La nne ndilo. Yaliyobaki ni hasira tu. Kafa kati ya saa moja na saa moja na nusu asubuhi. Nakuambia wewe wa kwanza."

"Na karatasi?"

"Iliingizwa akiwa hai. Na huyu mama hakukubali kufa bure. Kwenye meno nimekuta nyama. Si yake."

"Kamuuma?"

"Kidole au kiganja. Kauma hasa."

Inspekta alikumbuka mikono ya Balozi. Mmoja ulipondwa kwa kisigino. Mwingine ulikuwa mzima, laini kama wa karani. Yeye mwenyewe alishuhudia bendeji ikifungwa, na alama ya jino hakuiona popote.

Aliinama juu ya sinia. Lilikuwa ni tangazo la Mama Fursa. Pembe zote nne zilikuwa na tundu za pini, maana yake lilitolewa ubaoni. Katikati, chini ya damu na mate, neno moja lilikuwa limepigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

*Ijumaa, saa 12 jioni.*

"Mtu hapigii mstari neno lake mwenyewe kwa ajili ya kujisomea," alisema Inspekta. "Alikuwa anamwonyesha mtu."

*

Ubao wa matangazo ulikuwa kwenye ukumbi wa chini. Chini ya ubao paliwekwa meza yenye kitabu cha rambirambi, na nyuma ya meza aliketi kijana wa miaka thelathini na minne, mpole, macho mekundu, akikata karatasi nyeusi kwa mkasi. Dole gumba lake la kulia lilikuwa na plasta tatu.

"Wewe ndiye Sambaza?"

"Ndiyo, mama. Karibu utie sahihi."

Inspekta hakutia sahihi. Alisoma tanzia iliyobandikwa juu ya kichwa cha kijana. *Kwa masikitiko makubwa. Mama yetu mpendwa ametutoka leo saa 1:15 asubuhi. Sambaza.*

"Umebandika saa ngapi hii?"

"Saa nne."

"Nani kakuambia amekufa saa moja na robo?"

"Watu walikuwa wanasema."

"Watu gani? Mimi mpelelezi nimeambiwa saa nane mchana."

"Basi nilikisia."

"Hukukisia saa moja, wala saa mbili. Saa moja na robo, asubuhi." Inspekta aligonga neno la mwisho kwa ukucha. "Leo umeandika asubuhi, mwanangu. Jioni ilikushinda nini?"

Sambaza alirudia kukata karatasi yake nyeusi.

"Kidole kimefanyaje?"

"Pini za ubao."

"Fungua nione."

Alifungua plasta moja, kisha mkono wake ukaruka. Mkasi ulilenga shingo ya Inspekta. Koplo, aliyesimama kando, aliingiza mkono wake katikati, na ncha zikazama hadi mfupani. Damu ilirukia kitabu cha rambirambi. Sambaza aliuchomoa mkasi, akapindua meza, akamrudia Inspekta kwa nguvu zote. Inspekta hakuwa na bastola karibu. Alikuwa na kiti. Alimchapa nacho kwenye goti, goti likalia, na alipoinama akamchapa tena mgongoni. Kiti kilivunjika. Koplo, huku damu ikimtiririka, alimaliza kazi kwa njia rahisi: alimkalia.

"Kilo mia moja na ishirini," alihema Koplo. "Sambaza hiyo."

Chini ya plasta kulikuwa na nusu duara ya meno, mbichi na ya kina.

*

Saa kumi jioni, chumba cha mahojiano. Sambaza alikuwa ameacha kukana.

"Miaka miwili nimesambaza," alisema. "Kongamano, nasambaza. Ufadhili, nasambaza. Watu sitini na wawili! Wanapanda ndege, wananitumia picha wamevaa makoti. Mimi nawaandikia hongera. Nimeomba mara tisa, afande. Mara tisa nimeambiwa tunasikitika kukujulisha. Mwakani umri hauruhusu tena. Basi nikaondoa neno moja. Sikuandika uongo hata kidogo."

"Ulijua watakosea?"

"Nawajua wenzangu. Kila kitu kwao ni saa za kimataifa. Nikabaki mwombaji peke yangu."

"Mpaka Balozi alipomwonyesha Mama Fursa simu."

"Aliniita leo saa moja asubuhi. Karatasi kaitoa ubaoni, kaipigia mstari. Akaniambia, 'Mwanangu, soma hapa.' Nikasoma. 'Soma tena.' Kama mtoto wa chekechea! Halafu akasema nafasi ishindaniwe upya, akataja barua. Sikungoja amalize. Ile mashine ilikuwa karibu na mkono wangu."

"Endelea."

"Alianguka. Akaniangalia tu, anasema jioni. Nikampiga. Bado jioni, jioni. Nikaona huyu mama hata akifa atakufa ananisomesha lile neno. Nikamshindilia karatasi mdomoni. Akaniuma. Nikampiga mpaka akanyamaza."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Alisema jioni tu?"

"Ndiyo."

"Fikiri vizuri. Alikuwa na damu mdomoni. Alisema nini hasa?"

Sambaza alikunja uso. "Jana," alisema polepole. "Alisema... jana jioni. Nimeshatuma... jana jioni."

Inspekta alimsogezea karatasi. Fundi wa kompyuta wa chuo alikuwa ameitoa kwenye barua pepe za marehemu.

"Barua unayosema ilikwenda kwenye shirika jana, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Alikuwa anakuambia hilo. Hata ungemuua mara mia, ilishakwenda."

Kijana aliitazama karatasi bila kuigusa.

"Nitakusomea, maana najua mkono unauma. 'Kosa limetokea kwetu katika kusambaza tangazo. Naomba mlango ufunguliwe kwa siku moja zaidi, wanafunzi wote waombe. Aliyekwisha kuomba asiondolewe, ni kijana mchapakazi na amesubiri muda mrefu.'" Inspekta aliikunja. "Hakukushtaki. Alikubembelezea."

Sambaza alianza kugonga paji la uso mezani, mara moja, mara mbili, mpaka Koplo akamshika kwa mkono wake mzima. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba. Inspekta hakumwonea huruma, ingawa huko nyuma aliwahi kuwahurumia hata wauaji.

*

Balozi alitolewa mahabusu saa kumi na moja na dakika kumi. Inspekta alimketisha kwenye meza yake mwenyewe, mbele ya kompyuta ya kituo.

"Wale wenye nafasi walijibu barua ya Mama Fursa leo asubuhi, saa moja na dakika arobaini. Wamefungua mpaka leo saa kumi na mbili. Jioni. Mkuu wa idara ameshawaambia wenzako wote. Maombi yako yapo?"

"Yapo kwenye barua pepe yangu. Lakini fomu inajazwa upya." Aliinua mkono wenye bendeji. "Siwezi kuandika."

"Mimi naandika kwa vidole viwili tu. Sema."

Alisema, naye akaandika. Simu ya mezani ililia. Alikuwa mkuu wa kituo, akiuliza jalada.

"Lipo tayari, afande, na mtu ni mwingine. Nitalileta saa kumi na mbili na dakika moja," alisema Inspekta, akakata.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na tatu walifika swali la mwisho. Inspekta alilisoma kwa sauti: "'Ulipataje habari za nafasi hii?'"

Balozi aliinamisha uso mezani. Koplo aligeuka akatazama dirishani.

Inspekta hakumngoja. Kwa vidole vyake viwili aliandika *Kwa Mama Fursa*, akamsogezea kitufe cha kutuma, na Balozi akakibonyeza kwa mkono wa kushoto.