Kabati la Alexander Chepyegon

Kabati lilikuwa limetoweka, na kufuli bado lilikuwa mlangoni, limefungwa vilevile.

Inspekta Otiende aliinama asigonge boriti, akaingia katika nyumba kuukuu ya nyasi, maili mbili kutoka Kapkatet. Huo, mwaka wa 1972, ulikuwa wa tatu tangu Alexander Chepyegon aanze kujenga nyumba ya mawe kando ya shamba lake la chai. Muda huo wote vyombo vyake vilihifadhiwa humu: viti sita, meza, kitanda cha chuma, na kabati lenye milango ya kioo. Jumapili mchungaji angekuja kuibariki nyumba mpya.

"Kabati la namna gani?"

"La Nairobi, Afande. Kwa Mhindi." Alexander alitoa kifua mbele. "Tarafa nzima hakuna ingine. Na mwizi nimeshawapa. Ni Onsongo, mlinzi wangu. Ufunguo ni yeye na mimi tu."

Otiende alikuwa amemhoji mshukiwa huyo asubuhi, kituoni. Mtu mrefu, mtulivu, siku ya pili seli.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Mimi ni Msabato, Alexander anajua."

"Na ufunguo?"

"Ulikuwa mfukoni mwangu."

"Huoni jibu hilo linakuharibia?"

"Ndio ukweli, Afande. Nimelinda hiyo boma miaka tisa, hata jembe haijapotea. Sasa sokoni watoto wangu wanaitwa watoto ya mwizi. Jela siogopi sana. Hilo jina ndio inanimaliza."

Otiende alikuwa amewahoji wezi wengi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiponza kwa ukweli namna ile.

Sasa, katika nyumba ya nyasi, alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo.

"Humu moto ulikuwa unawashwa?"

"Nilimkataza Onsongo. Achome vitu vyangu?"

Inspekta alitazama nyasi za paa. Nyumba ya nyasi isiyopata moshi ni karamu ya mchwa. Huko milimani kila mtu anajua hilo, isipokuwa yule ambaye kichwani mwake ameshahamia nyumba ya mawe.

Lakini viti vyote sita vilisimama juu ya mawe bapa. Udongo wa mchwa ulikuwa umekwanguliwa miguuni mwake, na jivu limenyunyizwa kote.

"Nani aliinua viti?"

Alexander alikodoa macho. "Sijui. Tuliviweka chini tu, tukafunika na magunia."

"Mwizi gani huyo anayeiba kabati kisha akafagia nyumba?"

Otiende alirudi mlangoni. Kufuli halikuguswa, ila bawaba zilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa upande huo, kisha ukarudishwa. Skrubu zote zilikuwa zimepakwa sabuni zisishike kutu, na mifereji ya vichwa vyake imesimama wima, sawasawa.

Alipindua kiti kimoja. Skrubu zake pia zilisimama wima, zote.

"Viti ni vya nani?"

"Vya hapa hapa. Kipkosgei, fundi wa ng'ambo ya mto. Ndiye ananitengenezea madirisha."

"Panda Landrova."

Kabati lilikuwa katikati ya karakana, miguu yake ndani ya mikebe ya oili chafu. Kipkosgei, mzee wa mvi, alikuwa akilitia mbao mpya mgongoni. Hakushtuka.

"Ni wewe uliyelichukua?"

"Ni mimi. Jumamosi mchana, na mkokoteni. Watu walinisalimia njiani. Fundi akibeba kabati, nani atamwuliza?"

"Kwa nini?"

"Nilienda kupima fremu, nikachungulia. Mchwa wamekula mgongo wote! Nilimwambia huyu mara tatu: inua vitu, washa moto. Ananijibu, fundi, shughulika na madirisha. Hii kabati nilifanya miezi nne, Afande. Mbao ya podo tupu, hakuna msumari hata moja. Ningeiacha ife?"

"Alexander anasema ilitoka Nairobi."

Kipkosgei aliweka randa chini. "Hiyo nimesikia. Imeniuma kuliko mchwa."

Alexander alitazama vumbi la mbao.

"Na Onsongo ukamwacha seli?" Otiende aliuliza kwa ukali.

"Onsongo? Seli?" Uso wa mzee ulibadilika. "Mungu wangu! Nilirudisha skrubu vile mimi huweka. Nilidhani Alexander akiona tu, atajua ni mkono wangu."

"Hakuangalia."

Kipkosgei alichukua koti lake. "Twende. Nifungeni mimi."

Kituoni Alexander aliondoa mashtaka kabla hajaketi. "Basi yaishe, Afande."

"Wewe mzee, cha mtu hakichukuliwi bila ruhusa, hata kwa kukiponya," Otiende alimwonya fundi. Kisha akamgeukia Alexander. "Na kama yameisha, muulize aliyelala seli."

Mlango wa seli ulifunguliwa. Onsongo hakutoka.

"Uliniita mwizi mchana, watu wakiwa wamejaa," alimwambia Alexander. "Unisafishe mchana, watu wakiwa wamejaa. Bila hivyo nirudishie mlango."

Otiende alijikuta amesimama wima, kama mbele ya mkubwa wake. Alexander akakubali.

Jumapili nyumba ya mawe ilifurika. Kabati lilimeta ukutani. Alexander alisimama kando yake, jasho likimtoka.

"Onsongo hakuiba kitu. Mimi ndiye nilimchafulia jina. Na hii kabati sikununua Nairobi, nilidanganya. Ilitengenezwa na huyu Kipkosgei, na mimi nikaiacha ikaliwa na mchwa."

Minong'ono ikapita. Kipkosgei alijifuta macho bila kujificha.

Onsongo aliinuka pamoja na mkewe, Bilhah, na watoto wao watatu. Alimtazama Alexander, kisha akawageukia watu.

"Mmesikia?"

Wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamesikia.

"Basi waambieni na wale hawakukuja," alisema, akaketi kiti cha mbele.