Utani Usiokuwa Wake

Zamani Filomena alikuwa akimaliza kuchota maji na kufagia uani, anakunywa uji, kisha anakaa barazani kumsubiri Mwajabu waende shule pamoja. Siku hizi alichota maji, akafagia, akanywa uji, akaondoka. Mwajabu alipitia mlango wa nyuma na kuongozana na wasichana wa nyumba ya jirani, majembe ya shamba la shule mabegani, wakicheka. Filomena aliwafuata kwa mbali na jembe lake.

Nyumba yao ya Kipawa ilikuwa na vyumba sita, na ukipiga chafya katika kimoja, vyumba vitano vilikuombea afya. Filomena aliishi humo na wazazi wake, Wamakonde kutoka Newala. Baba yake, Anselmo, alichonga vinyago. Mama yake, Margareta, alishona nguo. Chumba cha mbele waliishi Wazaramo wa Kisarawe: Mwajabu, mama yake Bi Mwanakombo, na bibi yake, Bibi Tabu, ambaye alifariki mwezi uliopita. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Filomena alikuwa na ulimi mwepesi. Darasani alijibu kabla swali halijaisha, na Wakristo wa mtaa walipokutana kusali, yeye ndiye aliyepewa kuongoza sala, maana sauti yake ilipendeza. Alisifiwa sana, na sifa zilimkolea.

Siku ya mazishi ya Bibi Tabu, fundi viatu wa mtaani, Mzee Maganga, alijilaza mlangoni akazuia jeneza lisitoke. Alisema marehemu haendi kokote mpaka amwachie yeye Maganga ugoro wake, kwa kuwa mchoyo kama yule ataudai hata kaburini. Waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hata Bi Mwanakombo alicheka, akamrushia kikopo cha ugoro, na jeneza likapita.

Filomena aliyaona hayo yote akayahifadhi. Matanga yalipoisha, alimkuta Mwajabu kwenye foleni ya maji, macho yamevimba. Alitaka kumchekesha rafiki yake. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Bibi yako alivyokuwa anapenda kugomba, huko alikokwenda hata malaika watahama nyumba."

Akacheka peke yake. Mwajabu aliacha ndoo yake palepale, akarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Bi Mwanakombo aliitikia shikamoo ya Filomena kwa neno moja tu na kugeuka. Jioni wasichana walipokaa uani kusukana, Filomena alikaa chumbani akisikiliza vicheko vyao kupitia dirishani. Hata hivyo, hakuomba radhi. Alijiambia kwamba Mzee Maganga alisema mabaya zaidi na akapewa ugoro, kwa nini yeye anuniwe?

Kisha akasikia habari iliyomtia hofu. Arobaini ya Bibi Tabu ikishasomwa, Mwajabu na mama yake watarudi Kisarawe, ambako mjomba wa Mwajabu amehamia kijiji cha ujamaa. Chumba cha mbele kitapangishwa. Arobaini yenyewe ilikuwa Jumapili iliyofuata. Filomena aliwaza kwamba Mwajabu ataondoka na chuki yake, na hawataonana tena.

Alipotumwa kupeleka kiatu cha baba yake kikatiwe kisigino, hakuweza kujizuia. Alimwambia Mzee Maganga yote, akamalizia kwa kulalamika kwamba watu wa mtaa huu wana upendeleo.

Mzee Maganga alinusa ugoro kwanza.

"Mie Mnyamwezi," alisema. "Sie na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Wewe Mmakonde, nani kakupa utani wa pale? Tena ujue, kabla ya kulala mlangoni nilikuwa nimeshachimba kaburi. Nilichota maji, nikaosha masufuria. Walijua nimekuja kulia nao, ndiyo maana walicheka." Akagonga msumari. "Hebu niambie. Mwajabu ulimpa pole?"

Filomena alianza kuzikumbuka siku zile. Msibani mama yake alitoa pole kwa niaba ya nyumba yao. Yeye alikuwa akitazama watu. Matanga yalipoisha akatania. Pole hakuwahi kuitoa.

Alirudi nyumbani akilia njia nzima, wala hakujali wanaomtazama. Uani, Bi Mwanakombo na Mwajabu walikuwa wakichambua mchele wa arobaini. Filomena alipiga magoti mbele yao. Maneno mazuri aliyozoea kuyapanga kwenye sala yalimpotea yote.

"Mama, pole," alisema. "Mwajabu, pole kwa bibi. Nilitania msiba wenu na sikuwapa hata pole. Nisameheni."

Mwajabu aliinamia ungo akaanza kulia. Bi Mwanakombo aliweka mchele pembeni, akamshika Filomena mkono.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Kila bibi akikwangua ukoko wa wali aliuliza, Filomena yuko wapi, mwiteni ale. Na wewe pole, mwanangu. Ulifiwa na bibi yako."

Wasichana walikumbatiana wakalia mpaka wakachoka. Kisha Filomena akavuta ungo wa pili, wakachambua mchele pamoja hadi ukaisha.

Jumatatu Mwajabu na mama yake walipanda gari la Kisarawe. Filomena aliwapungia mpaka gari likapotea, kisha akajiegemeza kwa mama yake na kusema nyumba itakuwa kimya.

"Itakuwa kimya," Margareta alikubali. "Lakini Mwajabu hakuondoka na kinyongo. Mwanangu, unasali kwa sauti nzuri na watu wanakusifu. Yesu alituagiza tupendane, na jirani hawezi kuuona upendo uliofungiwa moyoni. Anausikia ukimsalimu kwa uchangamfu, ukimpa pole, ukimwomba radhi. Kabla hujamchekesha mtu aliyefiwa, kaa naye kwanza ulie."