Onyo Alilolizoea Acom

Ndugu zangu wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na nyinyi wa Tororo ambao simu hamuiachi hata mkienda kupalilia, sogeeni tusikilizane.

Jumamosi hiyo nyumbani kwa mzee Ofumbi, kule Kirewa, kulikuwa kimya na kuzuri. Mzee aliketi barazani akimenya karanga pamoja na Acom, mke wa mwanawe Oketcho, wakibishana kwa upole kama karanga za msimu huo zilijaa au zilikuwa maganda matupu. Acom na mumewe waliishi Busia mjini, lakini kila Jumamosi alikuja kumwangalia mkwewe, ambaye kifua kilimsumbua. Mara pikapu ikaingia uani. Nyuma yake, limefungwa kwa kamba, palikuwa na jeneza.

Aliyeendesha alikuwa Phillip, kifungua mimba wa mzee, mwuza mbao wa Tororo mjini. Alishuka macho yamevimba. Alipomwona baba yake na karanga mkononi, aliketi palepale kwenye vumbi.

Mzee alilipima lile jeneza kwa macho.

"Phillip," akasema, "hii ulipimia nani? Mimi miguu yangu iko mirefu."

Phillip alitoa simu akaonyesha ujumbe ulioingia alfajiri katika kundi la WhatsApp la ukoo. Ulitoka kwa namba ya Acom. Ulisema mzee amefariki, mtandao wa Kirewa ni mbovu, watu wasipige, na asiyeweza kusafiri atume rambirambi kwa namba fulani mpya. Hata lile jina ambalo Acom peke yake humwitia mzee, Babu wa Watoto, lilikuwamo. Ndugu wengi walikuwa wametuma tayari, na wengine walikuwa njiani.

Acom aliapa kwamba hakuandika neno. Simu yake ilikuwa dukani Busia, kwenye chaji, tangu usiku.

"Shemeji, namba ni yako na maneno ni yako," Phillip akasema. "Mkono ni wa nani basi?"

Wazee wa ukoo walisema jeneza likishaingia nyumbani halirudi tupu. Wakakata mgomba, wakaulaza ndani yake, wakauzika. Mzee alijifungia chumbani mpaka walipomaliza. Acom alisimama nyuma ya jikoni, na kila jembe lilipopiga udongo alihisi linampiga yeye.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuutafute huo mkono.

Ofisi ya Oketcho ilikuwa Busia, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Kazi yao ilikuwa kuwasaidia wafanyabiashara kupitisha mizigo forodhani, na Acom ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta hiyo, ile ya duara kama kifungo cha koti, ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika na kurudi, mashine iliamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na kwa kuwa tarehe haikulingana, kila ukurasa aliofungua ulimwonya: muunganisho wako si wa faragha. Mwanzoni Acom alishtuka, akawa anarekebisha saa. Baadaye, madereva wakigonga dirisha na kuuliza kama wazeeke pale, aliona ni kupoteza muda. Akajifunza kuyatafuta yale maandishi madogo ya chini, yanayokuruhusu kuendelea hata hivyo.

Sisi wa mpakani njia za panya tunazijua. Ukipita kando ya geti leo na usikamatwe, kesho geti unaliona pambo. Ndivyo Acom alivyoliona onyo.

Siku moja akasikia kuna kiendelezi, yaani kijiprogramu kinachojipachika ndani ya kivinjari, ambacho huonyesha kila saa shilingi ya Kenya inavunjwa kwa ngapi ya Uganda. Kwa mtu wa Busia hicho ni kitu cha kutamani. Akakitafuta. Kivinjari kikamwambia tovuti ile ni ya hatari. Akapita. Kikamwuliza tena kama anakubali kiendelezi hicho kisome na kubadilisha data yake yote kwenye tovuti zote. Akabonyeza "kubali" huku akimwitikia dereva dirishani.

Na kweli kilionyesha viwango, tena sahihi, na hilo ndilo lililomtuliza. Lakini katika kivinjari hichohicho Acom alikuwa akifungua WhatsApp na kuiacha wazi usiku kucha, maana kuandika kwa kompyuta kulimwia rahisi, na kila wiki aliwaeleza ndugu hali ya mzee.

Jumatatu baada ya msiba ule usio na maiti, Oketcho alimwita Griffins, fundi wa kompyuta wa upande wa Kenya. Griffins akafungua orodha ya viendelezi, akapiga mluzi.

"Mathe, huyu mwizi hakuvunja mlango," akasema. "Ulimpa kiti. Amekaa hapa anakusoma tu, mpaka akajua kuongea kama wewe."

Akakiondoa, akaitenganisha WhatsApp na kompyuta, akamsimamia Acom abadilishe nywila zote, kisha akaweka betri mpya. Kazi yote haikumaliza hata asubuhi moja.

Ya watu haikuisha upesi hivyo. Acom aliandika maelezo marefu kwenye kundi. Baadhi ya ndugu walijitoa bila kujibu. Wezi walikuwa wamechukua namba za ukoo mzima, wakawa wanampigia Phillip kwa sauti hii na ile, leo baba kaanguka, kesho baba yuko hospitali. Phillip akaifungia namba ya Acom, na namba asizozijua akawa anazijibu kwa matusi. Acom ndiye aliyekuwa mdomo wa mzee kwa wanawe. Sasa hakuwa na usingizi, kwa maana alijua mdomo huo hauaminiwi tena, na kifua cha mzee hakikuwa kinapona.

Mvua za pili zilipoanza, kifua kilimbana mzee Acom akiwa naye Kirewa. Oketcho alikuwa Mombasa akifuatilia kontena, simu yake haipatikani. Gari la karibu lilikuwa pikapu ya Phillip. Acom akampigia, namba imefungiwa. Akakimbia kwa jirani, Elinah, akaomba simu yake. Phillip akapokea.

"Shemeji, ni mimi, Acom. Baba hapumui vizuri. Njoo na gari, nakuomba."

"Nimesikia siku hizi mnaiga hata sauti," Phillip akajibu. "Mzee mmoja mtamwua mara ngapi?"

Akakata. Elinah alipojaribu tena, simu ilikuwa imezimwa.

Wakampandisha mzee kwenye boda, katikati ya dereva na Acom, na barabara ilikuwa tope tupu. Acom alimshika kiunoni akimsemesha njia nzima. Walipofika hospitali, muuguzi alimgusa shingoni, kisha akamwomba Acom amwachilie.

Phillip alikuja jioni, baada ya Oketcho hatimaye kumpata kwa simu. Alimkuta Acom kwenye benchi la nje, nguo zimekauka na tope.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia, shemeji."

Phillip aliketi kwenye benchi lilelile, mbali naye.

Funzo

Wazazi wangu, dada na kaka zangu, onyo la kompyuta si kelele. Likikujia kila siku bila sababu, tafuta sababu yake uitibu, usijifunze kulipita, kwa maana siku litakapokuwa la kweli kidole chako kitakuwa kimeshabonyeza. Kabla ya kukubali kiendelezi, soma kinachoomba. Kinachotaka kusoma kurasa zako zote ili kikuonyeshe bei ya shilingi, kinyime. Fungua leo orodha ya ulivyonavyo, na usichokikumbuka kiondoe.

Tena ukoo upatane njia ya kuhakikisha habari nzito: swali ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote, au jirani wa kutumwa aone kwa macho. Acom alipata betri mpya na nywila mpya siku moja. Kuaminiwa hakuuzwi dukani, na mzee Ofumbi hakuweza kungoja mpaka imani irudi.