Uzito wa Pili

Kila siku ya masomo, saa nane mchana, Kitinda alivaa koti lake jeupe, akafunga nywele kwa kitambaa na kuingia chumba cha mwisho katika jengo la kemia. Kitinda halikuwa jina lake halisi. Kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa mwaka wa kwanza, wenzake walimwita Kitindamimba, kisha uvivu wa ulimi ukalikata jina nusu.

Maabara ile ilikuwa na wanafunzi watatu tu. Mkubwa wao alikuwa Sweta, kijana wa mwaka wa mwisho. Wenzake walipopiga soga wakisubiri maji yachujike, yeye alitoa sindano mbili na uzi, akafuma. Mwanzoni walimcheka, wakamuuliza ni lini atawafumia soksi. Akawafumia, na kicheko kikaisha. Wa pili alikuwa binti aliyeitwa Redio, kwa sababu chumba chake cha bweni kilijaa redio mbovu alizozifufua kwa mikono yake. Kitinda naye, roho yake ilikuwa kwenye netiboli. Akisikia filimbi uwanjani, miguu ilimwasha hata akiwa mbele ya mizani.

Kazi yao ilikuwa kuchuja floridi kutoka maji ya visima kwa kutumia mkaa wa mifupa. Floridi ikizidi kwenye maji, meno ya watoto hugeuka rangi, na mifupa yao huja kuwa dhaifu. Kila siku Sweta aliyapima maji yaliyochujwa kwa kuyalinganisha na maji ya kipimo, yaani maji safi yaliyotiwa chumvi ya floridi kwa kiasi kinachojulikana. Kuyatengeneza hayo maji ya kipimo lilikuwa jukumu la Kitinda.

Haikuwa kazi ngumu, ila ilitaka subira. Chumvi ilikaushwa kwenye tanuri, ikaachwa ipoe, ikapimwa. Kisha ilirudishwa tanurini, ikapoa tena, ikapimwa mara ya pili. Uzito ukiwa uleule, unyevu umekwisha. Ukipungua, unaanza upya.

"Uzito usiposimama, nawe usikae," Mwalimu wao, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwaambia siku ya kwanza. Siku hiyohiyo aliwafundisha sheria ya daftari la maabara. Unaandika kwa kalamu ya wino. Ukikosea hufuti, unapitisha mstari mmoja juu ya kosa ili yeyote aweze kulisoma.

Ijumaa moja Kitinda alikuta mfuniko wa chupa ya chumvi umelegea. Chumvi ilikuwa imeshikana madonge. Akaikausha, akaipima mara moja, na papo hapo filimbi ikalia uwanjani. Ilikuwa siku ya mechi. Kuikausha tena kungechukua saa mbili. Akatazama mlango, akatazama tanuri. "Unyevu kidogo tu, nani atajua?" alijiambia. Kwenye nafasi ya uzito wa pili akaandika tarakimu zilezile za uzito wa kwanza, akatengeneza maji ya kipimo ya kutosha wiki kadhaa, akakimbia.

Walishinda mechi ile kwa magoli matatu.

Wiki sita baadaye, Mwalimu aliingia na karatasi mkononi. Alikuwa amepeleka chupa za maji waliyoyachuja kwenye maabara nyingine ili zihakikiwe.

"Maji ni yaleyale," alisema, "lakini majibu yetu na yao hayakutani hata siku moja. Maji yaliyo salama kwao, kwetu ni mabaya. Nani alipima?"

"Mimi, Mwalimu," Sweta alijibu. "Siku zote."

Mwalimu alivua miwani. Alimpenda Sweta, kila mtu alijua, na hilo ndilo lililofanya sauti yake iwe nzito. "Mwanangu, siwezi kutia saini ripoti ambayo namba zake si za kweli. Nakupa hadi Alhamisi ulipate kosa. Usipolipata, utarudia mwaka."

Nyumbani kwao Sweta alikuwa mtoto wa kwanza kufika chuo, na mama yake alikuwa ameshaanza kuwaalika ndugu kwa siku ya kuhitimu. Alikaa kwenye kigoda chake, akaitazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo hapakuwa na soga katika chumba kile. Sweta alipima upya maji yaleyale, akipata majibu yaleyale, huku macho yakizidi kuwa mekundu. Sindano zake hazikutoka mfukoni. Redio alijaribu kusaidia kwa njia anayoijua. Redio mbovu, alisema, huikagui kwa kubahatisha, unaanzia mwanzo wa waya. Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza wa wiki hizo sita, akashuka nao kwa kidole.

"Chumvi ya kipimo," alisoma. "Uzito wa kwanza huu, wa pili huu. Umesimama. Ulipima mara mbili, Kitinda?"

Kitinda alizitazama tarakimu zile. Angeweza kusema wakati ule. Neno lilifika hadi kwenye ulimi.

"Ndiyo, dada."

"Basi hapa pako sawa," Redio akasema, akafunua ukurasa.

Usiku ule na uliofuata Kitinda hakupata usingizi. Alijichukia. Mazoezini alidaka mpira, akasahau kuurusha. Akisema, Mwalimu atamfukuza, na kila mtu atajua kwamba yule mdogo waliyemlea ni mwongo. Asiposema, Sweta ataangamia kwa kosa ambalo si lake. Akizunguka huku na huku, hakuona mlango wa kutokea.

Jumatano mchana aliingia maabara peke yake. Chupa ya maji ya kipimo ilikuwa rafuni, imebaki na maji ya kina cha vidole viwili. Akaishika. Ikiisha hii, hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote. Akaenda kwenye sinki, akafungua kizibo.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Alikuwa Sweta, na sanduku tupu la karatasi.

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu," alisema. Hakuuliza chupa ile inafanya nini kwenye sinki. Alitoa mfukoni sweta ya mtoto, buluu, akaanza kuivuta uzi, na mistari ikaachana mmoja baada ya mwingine.

"Kaka, mbona unaifumua? Ilikuwa karibu kwisha."

"Kuna kitanzi kiliniponyoka huku chini, zamani. Nilikiona, nikajidai sijakiona. Sasa upande mzima umepinda." Akaendelea kuvuta. "Hii naweza kuifumua, maana najua nilipokosea. Ile kazi yetu siwezi. Nimetafuta mpaka basi, mdogo wangu. Labda mikono yangu haifai kemia."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kitinda aliijua methali hiyo tangu darasa la tatu, lakini siku ile aliisikia mkononi, kwenye ile chupa iliyoinama. Akairudisha wima. Akaifunga.

"Si mikono yako," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni yangu. Sikupima mara ya pili, kaka. Niliandika tu. Niliwahi mechi."

Sweta aliacha kuvuta. Uzi ulilala magotini mwake.

"Wiki nzima umenitazama," alisema hatimaye, polepole. Kitinda angependa kupigwa kuliko kusikia maneno hayo.

Walikwenda pamoja kwa Mwalimu. Aliwasikiliza, kisha akauliza jambo moja tu. "Maji yenyewe yamebaki?"

"Yamebaki kidogo, Mwalimu. Nilitaka kuyamwaga."

Jioni ile walitengeneza maji mapya ya kipimo. Redio alikausha chumvi, akapima mara mbili, mara tatu, mpaka uzito ukasimama. Wakayalinganisha na yale ya zamani. Ya zamani yalipungukiwa na floridi kwa sehemu moja katika tano. Wakachukua namba za wiki sita, wakazipunguza kwa kiasi hichohicho, na moja baada ya nyingine zikakutana na zile za maabara nyingine. Mkaa wa mifupa ulikuwa umefanya kazi siku zote.

Alhamisi Mwalimu alitia saini ripoti ya Sweta. Kisha akamgeukia Kitinda.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kosa ulilolisema, tumelipima na kuliondoa. Ungelimwaga kwenye sinki, lingekaa ndani ya kila namba, na mwenzako angelibeba maisha yake yote. Ndiyo maana hatufuti hapa. Muhula huu huingii tena maabara. Ujao, ukitaka, njoo tuanze na mizani."

Kitinda aliomba daftari. Sweta, bila kumtazama, alimsogezea kalamu. Kitinda akapitisha mstari mmoja juu ya uzito wa pili, mstari mwembamba, ili yeyote aweze kuusoma. Pembeni akaandika, "Sikupima." Chini yake hakuandika Kitinda. Aliandika jina lake lote, na la baba yake, na tarehe.