Mkate Usio na Chumvi

Siku hiyo mikate ilirudi dukani. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu Tanuri aanze kuoka. Jina hilo alipewa na wateja, maana hawakukumbuka kumwona mbali na tanuri lake.

"Umegombana na chumvi?" aliuliza mwalimu wa jirani, akiuweka mkate mezani. Nyuma yake walisimama wengine, na mikate yao mikononi.

Mke wa Tanuri alimega kipande, akatafuna. "Baba watoto, huu hauna chumvi hata chembe. Hukuonja?"

Tanuri aliinamisha kichwa. Alikuwa hajaonja mkate kwa miezi kadhaa. Kliniki walimpima, wakamwambia sukari imepanda kidogo. Bado si kisukari, lakini kinamnyemelea. Mama yake aliugua kisukari hadi akapofuka, na Tanuri ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka uani. Aliogopa sana kuishia vilevile. Basi akaapa kutogusa mkate tena.

"Nafunga duka," alisema wateja walipoondoka. "Nitawauziaje watu kitu kilichompofusha mama? Wanga wa mkate ndio unaonenepesha na kuleta kisukari. Kila mtu anasema."

"Na sisi tutaishije?" mkewe aliuliza kwa upole.

Mdogo wa mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa mlangoni. Alipita kununua mkate akitoka kazini, akasikia yote.

"Shemeji, mkate umeuacha. Tumbo je?"

"Mkate nimeuacha, lakini tumbo halijaniacha."

Walicheka, hata Tanuri mwenyewe. Muuguzi akaonyesha chupa iliyochungulia kwenye mfuko wa aproni ya Tanuri. "Na hiyo?"

"Soda tu. Si unaliona joto la hapa? Hii si chakula, ni ya kupoza koo."

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji! Hiyo ni sukari tupu. Unakunywa ngapi?"

Mke wa Tanuri akamjibia mumewe. "Kreti nzima ya soda iko nyuma ya magunia ya unga."

Muuguzi alikaa juu ya gunia. Hakumcheka tena, maana naye alimkumbuka yule mama aliyepofuka.

"Nisikilize, shemeji wangu. Wanga ni chakula, unatupa nguvu. Ni kweli ukiliwa hugeuka sukari mwilini, kwa hiyo kiasi kina maana. Lakini si mkate peke yake unaonenepesha. Mtu hunenepa akila na kunywa kuliko mwili unavyotumia, iwe wanga, iwe mafuta. Kisukari kama cha mama kina sababu nyingi: uzito, hasa wa tumboni, kukaa bila mazoezi, na urithi. Vinywaji vya sukari navyo huongeza hatari."

"Urithi ninao," Tanuri alisema.

"Unao, lakini urithi si hukumu. Tembea kila siku. Kiu ikikubana, kunywa maji. Nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage, samaki au nyama, robo wanga. Na uoke mkate wa unga usiokobolewa. Una nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari yake huingia kwenye damu polepole. Ila anayetumia dawa za kisukari asibadili chakula hivihivi bila kumwuliza daktari. Sukari yaweza kushuka mno, akaanguka."

"Kumbe nilimfunga asiye na kosa," Tanuri akasema, "na mwizi nikamweka mfukoni!"

Kesho yake kreti ilirudishwa, na mtungi wa maji ukawekwa karibu na tanuri. Mikate ya unga usiokobolewa ilianza kwa kununiwa. Wateja walisema ni myeusi. Baadaye wakawa wanaigombea. Jioni Tanuri na mkewe walitembea hadi mwisho wa barabara, wakitaniana njia nzima.

Miezi ilipita. Alipopimwa tena, mkanda wa suruali ulikuwa umekazwa matundu mawili zaidi, na sukari ilikuwa imeshuka hadi kiwango cha kawaida. "Usilegeze kamba," muuguzi alimwonya. "Rudi upimwe kila mwaka."

Alfajiri iliyofuata alitoa mkate wa kwanza, akakata kipande kimoja, akatafuna taratibu. Alimkumbuka mama yake, ambaye hakupata mtu wa kumweleza mapema. Machozi yalimtoka.

"Vipi?" mkewe aliuliza. "Chumvi imekosekana tena?"

"Imo," alisema Tanuri. "Imekolea kabisa."