Lori Linalokuja Tupu

Kila siku kabla ya kwenda shule, Zuena binti Mdoe alikuwa na safari mbili za maji. Kisima kilikuwa ng'ambo ya barabara ya Korogwe, mwendo wa nusu saa kwa ndoo tupu, na zaidi ya hapo ndoo ikijaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na shingo yake ilikuwa imezoea mzigo kiasi kwamba alitembea huku akijisomea jedwali la kuzidisha bila kumwaga hata tone.

Kijiji chao cha Kwamgude, upande wa Misima, kilikuwa kijiji cha ujamaa kichanga. Ulikuwa mwaka wa 1975, na watu walikuwa bado wanazoea kuishi kwenye nyumba zilizopangwa mistari na kuita michungwa ya babu zao mali ya wote. Katika mfuko wa kijiji kulikuwa na shilingi elfu moja na mia tano. Fedha hizo zilikuwa na kazi moja tu, kujenga tangi la saruji kando ya shule, ili maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati yasipotee tena. Hakuna aliyelingoja tangi hilo kama wasichana waliokuwa wakikwenda kisimani.

Tabu ilikuwa basi. Kila Jumamosi wanakijiji kumi walipeleka matenga ishirini ya machungwa Korogwe, kuyauza karibu na stesheni ya reli. Matenga yalirushwa juu ya keria, yakabanwa na magunia ya wengine, na abiria waliokosa nafasi ndani wakayakalia. Kila safari machungwa ya kujaza matenga mawili yalifika yamepondeka. Bibi Fatu, aliyekuwa msemaji wa wauzaji bila kuchaguliwa na mtu, alirudi kila Jumamosi na maneno ya kumtosha kondakta pamoja na ukoo wake wote.

Ndipo Bwana Sadala, mwenye malori pale Korogwe, alipoleta shauri lake. Angewakodisha lori dogo kwa miezi sita ya msimu wa machungwa, kila Jumamosi, kwa shilingi mia nne kwa mwezi pamoja na dereva. Petroli ilikuwa juu ya kijiji. Alitaka kodi ya miezi mitatu mbele, yaani shilingi elfu moja na mia mbili, na fedha hizo zingetoka wapi kama si kwenye mfuko wa tangi?

Mzee Mwinjuma, mwenyekiti wa kijiji, hakutaka kuamua kwa kubahatisha. Alikwenda shuleni akamwomba Mwalimu Hosiana, aliyetoka milimani Bungu, awape watoto wa darasa la sita kazi ya kulinganisha basi na lori. Mwalimu alifurahi, maana alipenda hesabu zenye watu ndani yake. Kazi iliyokuwa safi kuliko zote ilikuwa ya Zuena.

Basi, aliandika Zuena, nauli ni shilingi nne kwenda na nne kurudi. Watu kumi, shilingi themanini. Matenga ishirini kwa shilingi tatu kila moja, sitini. Machungwa yanayopondeka, matenga mawili ya shilingi ishirini, arobaini. Jumla kwa Jumamosi moja ni mia na themanini, na kwa Jumamosi nne ni mia saba na ishirini. Lori nalo, petroli lita kumi kwenda na lita kumi kurudi, kwa shilingi tatu kila lita, ni sitini. Kwa mwezi ni mia mbili na arobaini. Ukiongeza kodi mia nne unapata mia sita na arobaini. Lori lilikuwa nafuu kwa shilingi themanini kila mwezi. Kwa hiyo lingerudisha fedha za tangi na kuzidisha juu yake.

Habari ilizunguka kijiji kizima. Baba yake, Mdoe, mtu mpole asiyekuwa na mengi ya kujivunia, aliisimulia msikitini, akaisimulia kibandani kwa mafundi baiskeli, akaisimulia hata kwa watu walioisikia tayari. Mkutano wa kutia saini ukapangwa Jumatano, saa kumi jioni.

Asubuhi ya Jumatano hiyo Zuena alikuwa anavuka barabara na ndoo yake ya pili alipoona lori dogo la kijani limesimama, boneti wazi, mvuke ukitoka. Dereva alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya pama.

"Shikamoo, baba," alisema Zuena.

"Marahaba, binti. Nigawie maji kidogo, gari limechemka."

Zuena alishusha ndoo. Dereva, ambaye jina lake lilikuwa Dunstan, alichota kwa kopo na kumimina taratibu, akimwambia kwamba tajiri wake, Bwana Sadala, amemtuma mapema ili wanakijiji walione gari kabla ya mkutano, na yeye mwenyewe atafuata kwa basi. Zuena, kwa kutaka kujua tu, alimwuliza kama alilala Misima.

"Nilale Misima, kwani nina nyumba huko?" Dunstan alicheka. "Nimetoka Korogwe alfajiri, gari tupu. Na Jumamosi zenu zote zitakuwa hivyo. Nakuja tupu, napakia, nawapeleka. Jioni nawarudisha, kisha narudi zangu tupu. Gari halilali nje ya ua wa tajiri."

"Na petroli ya kuja tupu ni ya nani?"

"Ya mwenye kukodi. Imo kwenye mkataba. Tajiri hawezi kununua petroli ya kufuata machungwa ya watu."

Zuena alisimama pale, kopo likiingia na kutoka kwenye ndoo yake, akaanza kuhesabu upya. Mtu wa basi huanza safari pale anapopandia na kuimaliza pale anaposhukia. Basi limetoka wapi na litalala wapi si shauri lake. Tangu azaliwe Zuena alikuwa mtu wa basi, na alilihesabia lori kama abiria wa basi, kwenda na kurudi. Lori lingekwenda mara nne. Petroli haikuwa sitini kwa Jumamosi, ilikuwa mia na ishirini.

Siku ile shuleni hakusikia neno. Alikokotoa chini ya dawati mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile. Lori lingegharimu mia nane na themanini kwa mwezi. Lilikuwa ghali kuliko basi kwa shilingi mia na sitini, na kwa miezi sita lingekula mia tisa na sitini. Tangi lingekuwa limekwisha kunywewa kabla ya kujengwa.

Lakini nani angejua? Mwalimu alikuwa ameipitia kazi yake na kuiwekea alama ya vema. Mwenyekiti alikuwa ameshatangaza. Zuena alimfikiria baba yake na yale masimulizi yake yote, akaona aibu itakayompata ni kubwa kuliko yake mwenyewe. Kusema kweli, alitamani kuugua malaria ya ghafla. Afya yake ikakataa kumsaidia.

Saa kumi jioni darasa la sita lilijaa watu wazima walioketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu, huku watoto wenyewe wakichungulia dirishani. Bwana Sadala alikaa mbele na jalada lake mapajani, akiitwa ndugu na kila mtu kama ilivyotakiwa mkutanoni, na akionekana hajalizoea neno hilo. Mzee Mwinjuma alieleza shauri kwa kifupi, kisha akamwita Zuena asome hesabu yake ubaoni, ili kila mmoja asikie kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Zuena alisoma ya basi yote. Alipofika kwenye petroli ya lori, aliacha kusoma. Alimwona baba yake kwenye dawati la pili, anatabasamu, akingoja. Akageuka kumtazama mwenyekiti.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "hesabu hii nimeikosea."

Alieleza, mwanzoni kwa kunong'ona, halafu kwa sauti ya kusikika, akichora ubaoni mishale minne kati ya Korogwe na Kwamgude, miwili ya mzigo na miwili mitupu. Alipomaliza, alimtafuta baba yake kwa macho. Tabasamu la Mdoe lilikuwa limetoweka, naye alikuwa akitazama viganja vyake. Hapo Zuena alilia, bila kujificha.

Mzee Mwinjuma alimwuliza Sadala kama ndivyo. Sadala akakubali kwamba ndivyo. Alisema hakuficha kitu, ila hakuna aliyemwuliza. Mwalimu Hosiana naye alisimama akasema kwamba kosa lile lilimpita yeye pia, kwa kuwa hata yeye ni mtu wa basi.

Bibi Fatu hakufurahi. Alikuwa ameshajiona mbele karibu na dereva. Aliuliza kama sasa machungwa yaendelee kukaliwa na matako ya watu mpaka kiyama. Watu walicheka, na darasa likapumua.

Aliyemjibu alikuwa Naanyu, mama wa Kimaasai ambaye boma lao lilikuwa pembeni ya kijiji. Kwa kawaida hakusema mkutanoni. Alisema kwamba yeye hupeleka vibuyu vya maziwa Handeni kwa basi lile lile mara mbili kwa wiki, na hajavunja hata kimoja tangu masika ya mwaka juzi.

"Ninyi mnatupa matenga basi likishafika," alisema. "Mimi nafika kabla yake. Natandika majani makavu chini na pembeni, na kibuyu hakirushwi. Napanda ngazi mwenyewe, nakifunga mbele kabisa kwenye keria, ambako hakuna anayekaa."

Mwenyekiti alimwomba Zuena, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, afanye hesabu ya tatu. Kama kwa majani makavu machungwa yatakayopondeka yatajaza nusu tenga badala ya matenga mawili, basi litagharimu kiasi gani? Zuena alifuta ubao. Shilingi mia sita kwa mwezi. Ilikuwa chini ya basi la zamani, na chini hata ya lile lori lililoonekana nafuu.

Walipiga kura kwa mikono. Lori likashindwa, na fedha za tangi zikabaki mahali pake. Sadala alifunga jalada lake na kusema kwa utani kwamba safari nyingine angependa mkutano usio na wanafunzi. Kisha Mzee Mwinjuma akamgeukia Mdoe kwanza, ndipo akamgeukia binti yake.

"Mdoe, inua kichwa. Wote hapa tumewahi kukosea, na wengi tumenyamaza ili tusionekane. Mtoto huyu angenyamaza, kijiji kingelipa. Zuena, kukosea hesabu hakukukuharibia jina. Umeona kosa, ukalisema wakati bado linarekebishika. Uaminifu ni huo, na nyinyi watoto mlio dirishani sikieni."

Mdoe aliinuka, akaenda mbele ya watu wote, akamfuta binti yake machozi kwa upindo wa kanzu yake.

Watu walipokuwa wakitoka, Mwalimu Hosiana alimzuia Zuena mlangoni. Alisema kesho darasa zima litajifunza hesabu ile, ile iliyokosewa, mshale kwa mshale, na atakayesimama ubaoni kuifundisha ni yeye. Zuena, ambaye asubuhi ile alikuwa tayari kuugua ili asiitaje, aliuliza kama anaweza kupewa chaki za rangi mbili, moja ya mishale mitupu.