Wembe wa Siku ya Saba

Wembe haukuwepo. Kijaluba kilikuwa wazi kwenye rafu ya duka la kinyozi, na ndani kimebaki kitambaa chenye vumbi la kutu.

"Wembe wa babu yangu," alisema Mzee Msellem. "Watoto wote wa nyumba hii wamenyolewa nao siku ya saba ya kuzaliwa. Leo alasiri ni zamu ya mjukuu wangu. Yule Njoroge kaniibia, afande."

Njoroge, kinyozi wa kiti cha pili, alikuwa korokoroni tangu alfajiri. Kesho angefikishwa kortini. Kufuli la mbele halikuvunjwa, na ufunguo wa pili alikuwa nao yeye. Mwaka huo wa 1984 watalii wa ufuo wa Bofa walinunua chochote kilichoitwa cha kale, hata kiwe kimeoza. Kesi rahisi, basi. Inspekta Garama hakuzipenda kesi rahisi. Zilishamwaibisha mara mbili.

Alianzia korokoroni.

"Jana ulilala wapi?"

"Kwangu, afande. Muulize mke wangu Hannah."

"Wembe uko wapi?"

"Sijui. Na vile umeliwa na kutu, nitamuuzia nani?"

"Mzee ulimwambia kuwa wembe una kutu?"

Njoroge aliinamisha kichwa. "Mzee haambiki."

Garama alirudi dukani. Mlango wa kuingilia nyumbani ulikuwa na komeo, lakini upande wa nyumbani.

"Huko anakaa nani?"

"Mimi na binti yangu Shekha. Yu ndani ya arobaini, hatoki."

"Mtoto mmemwekea chuma?"

"Kisu cha mpini mwekundu, chini ya mto. Nilikiweka mwenyewe, jini asimsogelee."

Garama hakushangaa, hata yeye alilazwa hivyo utotoni. Alichoshangaa, walipoingia ndani, ni kukiona kisu chenyewe jikoni, kimelala juu ya maganda ya vitunguu. Akakichukua.

"Mzee, sasa mtoto analindwa na nini?"

Wakapiga hodi kwa mzazi. Shekha alikiona kisu mkononi mwa Garama, akainua mto wa mtoto. Wembe ulikuwa pale, umekunjwa.

"Niliuchukua mimi, baba."

"Wewe? Kwa nini?"

"Mikono yako inatetemeka. Mwezi jana ulimkata Bwana Stambuli sikio, ukasema ni yeye aliyejitikisa. Na utosi wa mwanangu bado laini. Niliogopa, baba, na kukwambia nikashindwa. Nikasema wembe usionekane tu mpaka leo ipite."

"Na Njoroge yuko korokoroni tangu alfajiri," alisema Garama.

"Wallahi sikujua wamemkamata."

Msellem alikaa kitandani akaitazama mikono yake.

Njoroge aliachiliwa kabla ya adhuhuri, akarudi dukani. Ili kufunga jalada, Garama alihitaji wembe utambuliwe, na maelezo ya Msellem yalitaja nyota ndogo karibu na mpini. Kwa kutu, haikuonekana. Njoroge akausugua wembe kwa jivu na mafuta ya nazi, akaunoa kwenye jiwe, akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi mpaka ukang'aa. Nyota ikatokea.

"Ndio wenyewe," alisema Msellem. Akamgeukia Njoroge. "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe. Mnyoe wewe."

"Yameisha, mzee. Lakini mambo ya dini yenu siyajui."

"Bismillahi nitaisoma mimi. Wewe nyoa."

Alasiri hiyo Msellem alimpakata mjukuu wake, Njoroge akanyoa taratibu. Nywele zilipokwisha, mzee alipitisha kiganja juu ya kile kichwa, akitafuta tone la damu. Hakuliona.

"Alhamdulillahi," alisema. Nyuma ya pazia, Shekha akashusha pumzi aliyoizuia siku nzima, akalia kwa furaha.